Wasifu si Kujisifu: Lugha na Muundo wa Maelezo ya Mwombaji Kazi katika Mwambao wa Bagamoyo

Ikisiri

Makala haya yanajadili wasifu wa mwombaji kazi kama matini yenye kaida zake za muundo na lugha. Hoja kuu ni kwamba udhaifu mwingi unaoonekana katika wasifu za waombaji wa mwambao wa Bagamoyo hautokani na uchache wa ujuzi. Unatokana na utata wa dhana ya sifa katika Kiswahili, ambayo hubeba maana ya tabia ya kitu na pia maana ya kusifia. Makala yanaanza na dhana hiyo, yanaangalia mfano wa kihistoria kutoka misafara ya Bagamoyo, kisha yanaeleza jinsi tangazo la kazi linavyopaswa kusomwa, muundo wa wasifu, uteuzi wa lugha, na namna ya kuandika ujuzi ambao haukupatikana darasani.

1.0 Utangulizi

Mwambao unaoanzia Kunduchi na Mbweni, ukapita Mapinga, Kerege na Zinga hadi Bagamoyo, na kuendelea Saadani hadi Pangani, umeishi kwa muda mrefu kwa kazi ambazo hazikuombwa kwa karatasi. Mvuvi aliingia chomboni kwa kuwa nahodha alimjua yeye au alimjua mjomba wake. Fundi wa majahazi alikabidhiwa tezo na mzee aliyemfunza. Mchonga milango alipata kazi mpya kwa sababu mlango wake wa mwisho ulionekana na kila aliyepita njiani. Katika utaratibu huo sifa ya mtu ilibebwa na vinywa vya wengine, naye mwenyewe hakuhitaji kusema neno.

Hali imebadilika. Halmashauri ya wilaya, shule, hospitali, hoteli, viwanda na Hifadhi ya Taifa ya Saadani huajiri watu ambao aghalabu hawajulikani kwa anayeajiri. Anayesoma maombi hamjui mwombaji, wala hamjui mzee wake. Anakijua kitu kimoja tu, nacho ni karatasi iliyo mbele yake. Karatasi hiyo ina majina kadhaa: matangazo ya serikali aghalabu huiita maelezo binafsi, baadhi ya wataalamu wa lugha huiita wasifu au wasifukazi, na mitaani huitwa sivii. Katika makala haya litatumika neno wasifu.

Vyuo hufundisha fani, na mara nyingi huacha suala la kuieleza fani hiyo kwa maandishi. Matokeo yake ni kwamba kijana aliyehitimu Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, au Kampasi ya Mbegani ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, anaweza kuwa na ujuzi mkubwa mikononi na wasifu mtupu mkononi. Pengo hilo ndilo linalochunguzwa hapa.

2.0 Utata wa Dhana ya Sifa

Neno sifa lina maana mbili zinazokaribiana, lakini hazilingani. Maana ya kwanza ni tabia au hali inayokitambulisha kitu: husemwa sifa za udongo, sifa za mbao ya mvule, sifa za kiongozi. Maana ya pili ni kusifia: husemwa fulani anapenda sifa, au amemmwagia sifa. Wasifu ni nomino inayotokana na mzizi huohuo wa Kiarabu, ambao maana yake ya msingi ni kueleza jinsi kitu kilivyo. Kitenzi sifu, hata hivyo, katika matumizi ya kila siku kimeelemea upande wa pili; na kinapotiwa kirejeshi ji- na kuwa jisifu, kinakuwa neno la lawama. Katika jamii ya mwambao, mtu anayejisifu huhesabiwa kuwa amekosa adabu, na wahenga walikwisha kusema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Tangazo la kazi linapoandika sifa za mwombaji, linatumia maana ya kwanza. Mwombaji anapoketi kuandika wasifu, mara nyingi anaongozwa na maana ya pili. Hapo huzuka makosa ya aina mbili ambayo kwa sura yanapingana, ingawa chanzo chake ni kimoja.

Aina ya kwanza ni ya mwombaji mwenye haya. Huyu huandika jina, tarehe ya kuzaliwa, shule alizosoma na miaka yake, kisha hunyamaza. Aliyoyafanya kazini huyaacha, akiamini kuwa kuyataja ni majivuno. Aina ya pili ni ya mwombaji aliyeambiwa kwamba ni lazima ajiuze. Huyu hulundika vivumishi: mchapakazi, mwaminifu, mwenye kujituma, mwenye uwezo wa kufanya kazi na watu wa aina zote. Wa kwanza amekataa kujisifu, wa pili amekubali. Lakini wote wawili wameshindwa kutoa wasifu, kwa kuwa hakuna aliyeeleza jambo ambalo msomaji anaweza kulipima.

Kipimo kinachofaa ni chepesi: je, sentensi hii inaweza kuthibitishwa au kukanushwa na mtu mwingine? Sentensi mimi ni mwaminifu haiwezi. Sentensi nilitunza fedha za kikundi cha wanawake wakaanga samaki kwa miaka mitatu, na hesabu zilisomwa mbele ya wanachama kila mwezi inaweza. Sentensi ya pili haina neno mwaminifu ndani yake, lakini msomaji anaufikia uaminifu huo kwa hatua zake mwenyewe. Kwa mintarafu hiyo, methali iliyotajwa haipingani na wasifu. Kizuri hujiuza pale tu kinapoonekana, na kazi ya wasifu ni kukiweka mahali pa kuonekana.

3.0 Mfano kutoka Misafara ya Bagamoyo

Suala la kueleza historia ya kazi ya mtu si geni katika mwambao huu. Katika karne ya 19, Bagamoyo ilikuwa mlango mkuu wa misafara iliyokwenda bara, na watu waliajiriwa humo kwa madaraja yaliyofahamika: wapagazi, askari, kirangozi aliyetangulia njiani, na mnyapara aliyesimamia watu. Ajira ya daraja la juu ilitegemea kujulikana kwa safari ambazo mtu alikwisha kuzifanya.

Mfano mashuhuri ni wa Sidi Mubarak Bombay. Alikuwa Myao aliyechukuliwa utumwani angali mtoto na kupelekwa India, akarejea Afrika Mashariki baada ya kupata uhuru. Mwaka 1857, alipokuwa askari wa Sultani karibu na Pangani, alichukuliwa na Richard Burton na John Hanning Speke. Mambo ya kazi yake yakipangwa kwa utaratibu wa wasifu wa leo, yaani ya karibuni yakitangulia, yanakuwa hivi:

1873–1875: Kiongozi wa watu katika msafara wa Verney Lovett Cameron, kutoka Bagamoyo hadi pwani ya Atlantiki katika Angola.
1871–1872: Mkuu wa askari katika msafara wa Henry Morton Stanley, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji.
1860–1863: Mkalimani na mmoja wa viongozi wa msafara wa Speke na James Grant, kutoka pwani hadi chanzo cha Nile na kuendelea Misri.
1857–1859: Mbeba bunduki na mkalimani katika msafara wa Burton na Speke, hadi Ziwa Tanganyika.
Lugha: Kiswahili na Kihindustani, pamoja na lugha ya kwao.

Katika mistari hiyo hakuna kivumishi hata kimoja cha kusifia. Hata hivyo, msomaji anaona mtu aliyepanda kutoka ubebaji wa bunduki hadi uongozi wa msafara, aliyeajiriwa mara nne na waajiri wa namna moja, na ambaye lugha aliyoipata katika mateso ya utumwa ndiyo iliyomwezesha kuelewana na Speke tangu mwanzo. Mwaka 1876 Chama cha Kifalme cha Jiografia cha Uingereza kilimpa pensheni.

Mfano huu una funzo jingine. Bombay hakuacha maandishi yake, na mengi yanayojulikana juu yake yametoka katika vitabu vya waliomwajiri. Speke alimsifu sana. Stanley, katika kitabu chake cha mwaka 1872, alimlaumu vikali. Mtu yuleyule, na kazi za namna ileile, alipewa sura mbili kwa sababu wengine ndio waliokuwa na kalamu. Jambo linalokaribiana na hilo lilimpata Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Mchango wake katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotoka mwaka 1903, ulikuwa mkubwa mno, lakini kitabu kilitolewa kwa jina la Carl Velten. Anayeacha kuieleza kazi yake huwaachia wengine waieleze, au waisahau.

4.0 Tangazo la Kazi kama Swali

Wasifu ni jibu. Swali lake ni tangazo la kazi, na jibu lisilolingana na swali halipati alama hata likiwa zuri. Matangazo ya halmashauri na ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huwa na sehemu nne zinazotambulika: cheo, majukumu, sifa za mwombaji na masharti ya jumla.

Chukuliwe mfano wa nafasi ya Dereva Daraja la II. Tangazo la kawaida la nafasi hiyo hutaka elimu ya kidato cha nne, leseni ya daraja la C au E, uzoefu wa angalau mwaka mmoja wa kuendesha magari bila kusababisha ajali, na mafunzo ya msingi ya udereva kutoka VETA au chuo kingine kinachotambuliwa na Serikali. Hayo ni maswali manne. Wasifu unaoandika nina uzoefu mkubwa wa udereva haujajibu hata moja. Wasifu unaotaja daraja la leseni, mwaka ilipotolewa, aina ya gari lililoendeshwa, mwezi na mwaka wa kuanza na kuacha kazi, rekodi ya ajali, na chuo cha mafunzo umejibu yote kwa mistari mitano.

Vivyo hivyo, tangazo la Mtendaji wa Kijiji hutaka kidato cha nne au cha sita pamoja na astashahada katika fani kama utawala, sheria, elimu ya jamii, usimamizi wa fedha au maendeleo ya jamii, kutoka Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo au chuo kingine kinachotambuliwa. Majukumu yake hujumuisha kuitisha mikutano, kutunza kumbukumbu na kusimamia ulinzi na usalama wa raia na mali zao. Mwombaji aliyewahi kuwa katibu wa kikundi cha wavuvi wa ufuoni ana jambo la kusema chini ya kila jukumu, iwapo atalisoma tangazo kwa makini na kuuliza: ni wapi niliwahi kuitisha mkutano, ni kumbukumbu zipi nilizitunza?

Masharti ya jumla nayo yasidharauliwe. Matangazo mengi huweka kikomo cha umri, hutaka nakala za vyeti zilizothibitishwa, majina ya wadhamini watatu, na hukataa hati za matokeo zinazotumwa badala ya vyeti. Maombi ya nafasi nyingi za utumishi wa umma sasa hupitishwa katika mfumo wa kielektroniki wa Sekretarieti ya Ajira, ambamo mwombaji hujaza taarifa zake sehemu kwa sehemu. Mfumo huo haukuondoa haja ya wasifu. Mwenye wasifu uliopangwa vyema hujaza mfumo kwa kunakili, wakati asiye nao hujaza kwa kukumbuka, na kumbukumbu ya miezi na miaka ni rahisi kupotoka.

5.0 Muundo wa Wasifu

Kwa kazi za kawaida, wasifu wa kurasa mbili unatosha. Sehemu zake ni hizi:

(i) Utambulisho: jina kamili, anwani, simu na baruapepe.
(ii) Muhtasari wa sentensi mbili au tatu, unaotaja kazi inayoombwa na sababu mbili kubwa za mwombaji kufaa.
(iii) Uzoefu wa kazi, kuanzia wa karibuni.
(iv) Elimu na mafunzo, kwa mpangilio huohuo.
(v) Ujuzi mwingine: lugha, leseni, matumizi ya kompyuta.
(vi) Wadhamini: jina, cheo, mahali pa kazi na simu.

Mwombaji aliyetoka chuoni bila uzoefu hutanguliza sehemu ya (iv) mbele ya (iii). Kanuni inayotawala ni kwamba jambo lenye uzito zaidi kwa tangazo husika ndilo linalotangulia.

Suala la jina linastahili uangalifu wa pekee katika mwambao. Majina yenye asili ya Kiarabu huandikwa kwa tahajia zaidi ya moja: Saidi na Said, Athumani na Othman, Hamisi na Khamis, Mwanahamisi na Mwanakhamis. Si ajabu kwa mtu mmoja kuwa na tahajia moja katika cheti cha kuzaliwa, ya pili katika cheti cha kidato cha nne, na ya tatu katika kitambulisho cha taifa. Kwa jirani hao ni mtu mmoja. Kwa mhakiki wa vyeti ni watu watatu. Mwombaji ateue tahajia iliyo katika vyeti vyake vya elimu, aitumie katika wasifu, na tofauti zilizobaki azirekebishe kwa taratibu za kisheria kabla ya kuomba.

Kuna pia mambo yasiyohitajika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa misingi kadhaa, miongoni mwake kabila, dini, jinsi, hali ya ndoa, ujauzito, ulemavu na mahali mtu alikotoka, na ulinzi huo unamhusu pia anayeomba kazi. Mwombaji halazimiki kujaza wasifu wake kwa habari za dini, kabila au ndoa kwa sababu tu aliziona katika nakala ya mwenzake. Nafasi hiyo ni bora itumike kwa mambo yanayojibu tangazo.

6.0 Lugha ya Wasifu

6.1 Nafsi na njeo

Wasifu wa Kiingereza una kaida ya kuacha kiwakilishi cha nafsi na kuanza moja kwa moja na kitenzi cha wakati uliopita. Kaida hiyo haiwezi kuhamishwa kama ilivyo, kwani kitenzi cha Kiswahili chenye njeo hakisimami bila kiambishi cha nafsi. Waandishi wa wasifu za Kiswahili hutumia mojawapo ya njia tatu:

(1) a. Kusimamia maghala ya chumvi.
b. Usimamizi wa maghala ya chumvi.
c. Nilisimamia maghala mawili ya chumvi, 2018–2021.

Katika (1a) njeo imepotea: haijulikani kama kazi ilifanyika, inafanyika au inatarajiwa. Katika (1b) mtendaji pia amepotea, na linalobaki ni jina la shughuli. Ni (1c) pekee inayoeleza nani, nini, kiasi gani na lini. Pingamizi linalotolewa ni kwamba kurudiarudia nili- kunachosha na kunasikika kama kujisifu. Pingamizi hilo lina nguvu kidogo tu. Umbo la (1a) linafaa pale majukumu ya kawaida yanapoorodheshwa chini ya cheo na miaka iliyokwisha kutajwa. Umbo la (1c) litumike kwa mambo mawili au matatu yenye uzito. Kiambishi ni- hakimsifu mtu, kinamtambulisha mtendaji.

Uteuzi wa kiambishi cha njeo nao una athari. Kazi iliyokwisha huchukua -li-, na inayoendelea huchukua -na-. Kiambishi -me- hupendwa na waombaji wengi, kama katika nimefanya kazi ya ukarani, lakini katika matini ya namna hii kinaacha maswali: kazi hiyo bado ipo, au imekoma? Ilianza lini? Palipo na miaka iliyofungwa, -li- ndiyo sahihi.

6.2 Vitenzi vinavyomficha mtendaji

Kuna vitenzi ambavyo adabu ya pwani huvipenda, nacho kimoja ni husika. Mwombaji huandika nilihusika katika maandalizi ya tamasha, au nilishiriki, au nilisaidia. Vitenzi hivi si vibaya, lakini vinameza kazi yenyewe. Linganisha:

(2) a. Nilihusika katika maandalizi ya tamasha la chuo.
b. Niliandaa ratiba ya vikundi 12 vya ngoma na kusimamia taa za jukwaa kwa siku tatu.

Katika (2b) kazi ya pamoja haikukanwa, na mwombaji hakujitwalia sifa za wenzake. Ametaja sehemu yake tu, kwa idadi na muda.

6.3 Mrundikano wa nomino na sentensi za kuazima

Kinyume cha haya ni fahari ya maneno. Maneno kama uwezo wa utekelezaji wa usimamizi wa shughuli za uendeshaji yana nomino nyingi zilizonyambuliwa kutoka vitenzi, na maana yake ni ninaweza kuendesha ofisi. Kasoro inayofanana na hiyo ni tafsiri sisisi za vielelezo vya kigeni, mathalani ninatafuta mazingira yenye changamoto ambamo nitakuza vipaji vyangu. Sentensi hiyo inaweza kuandikwa na mwombaji yeyote kwa kazi yoyote. Kwa hiyo haimtofautishi mtu na mwingine.

6.4 Kiswahili au Kiingereza

Kanuni ya msingi ni kufuata lugha ya tangazo, isipokuwa tangazo lenyewe likiagiza vinginevyo. Kosa kubwa kuliko kuchagua lugha isiyotarajiwa ni kuchanganya lugha mbili katika ukurasa mmoja. Anayeandika kwa Kiswahili atumie istilahi rasmi za ngazi za elimu, yaani astashahada, stashahada na shahada, lakini majina ya vyeti na vyuo ayaandike kama yalivyo katika vyeti vyenyewe, ili mhakiki asilazimike kukisia. Anayeandika kwa Kiingereza asikope kielelezo kilichokamilika ambacho hawezi kukitetea. Wasifu ndio chanzo cha maswali ya usaili, na mwombaji ataulizwa juu ya kila neno aliloliandika.

7.0 Ujuzi Usio na Cheti

Hapa ndipo vijana wengi wa mwambao wanapopoteza zaidi. Achukuliwe kijana wa kubuni wa Bagamoyo, aliyemaliza kidato cha nne, akavua samaki na mjomba wake kwa miaka sita, na sasa anaomba kazi ya kuendesha boti za wageni. Katika wasifu wake wa kwanza, chini ya uzoefu, ameandika neno moja: hakuna. Miaka sita imekuwa pengo. Wasifu wa pili wa kijana huyohuyo unasomeka hivi:

2017–2023: Baharia, kisha msaidizi wa nahodha, mashua ya uvuvi yenye mabaharia watano, Bagamoyo.
– Niliendesha na kutengeneza injini ya boti yenye nguvu ya farasi 15.
– Nilitia kalafati na kukarabati ubao wa mashua kila mwaka.
– Nilitunza daftari la mauzo na mgawo wa mabaharia kuanzia 2020.
– Ninazifahamu njia za majini kati ya Bagamoyo na Saadani, mchana na usiku.

Hakuna kilichotungwa katika mistari hiyo. Kilichobadilika ni mtazamo: mwandishi ameacha kuuliza ana cheti gani, akauliza anajua kufanya nini na nani alimwona akifanya. Mjomba asiwe mdhamini wake, kwa kuwa ni jamaa. Lakini mnunuzi wa samaki aliyeshughulika na daftari lake, au kiongozi wa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi katika kijiji chake, anaweza.

Ujuzi wa namna hii pia unaweza kurasimishwa. VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kutathmini na kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi wa mafunzo, na fundi anayefaulu hupewa cheti. Kwa fundi seremala, mwashi au fundi magari aliyefunzwa uani kwa mzee wake, cheti hicho huiweka miaka yake ya kazi katika lugha ambayo ofisi inaielewa.

8.0 Ukweli na Wadhamini

Wasifu ni ushahidi, na ushahidi wa uongo una gharama. Tarehe 28 Aprili 2017, taarifa ya uhakiki wa vyeti iliyokabidhiwa kwa Rais John Magufuli mjini Dodoma ilitaja watumishi wa umma 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi, nao waliondolewa kazini. Baadhi yao walikuwa wamefanya kazi kwa miaka mingi. Funzo lake kwa mwombaji ni kwamba uongo wa wasifu haukomi siku ya usaili. Unamfuata mtu hadi siku yoyote atakapohakikiwa. Kuongeza miezi katika muda wa kazi, au kukipandisha cheo cha msaidizi kiwe cha msimamizi, ni kuingia katika njia hiyohiyo kwa hatua fupi.

Upande wa pili, mwombaji ana haki ya ushahidi wa kweli. Sheria iliyotajwa ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti cha utumishi ajira inapokoma. Wengi huondoka bila kukidai, kisha hushindwa kuthibitisha miaka yao. Ni vyema kikadaiwa siku ileile ya mwisho.

Kuhusu wadhamini, kaida ya mwambao ya kutanguliza mzee inahitaji kutafsiriwa upya. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kuthibitisha makazi na mwenendo wa mtu. Hawezi kuthibitisha kazi ambayo hakuiona. Wadhamini wawe watu waliomwona mwombaji akifanya kazi au akisoma, waombwe ridhaa kabla majina yao hayajaandikwa, na waelezwe kazi inayoombwa. Mdhamini anayepigiwa simu bila taarifa husitasita, na kusitasita kwake husomwa kama shaka.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba ugumu wa kuandika wasifu katika mwambao wa Bagamoyo una mzizi wa kilugha na wa kiadabu. Neno sifa limewafanya baadhi ya waombaji wanyamaze na wengine wapayuke, wakati tangazo la kazi lilitaka maelezo tu. Mwombaji anayesoma tangazo kama orodha ya maswali, akajibu kwa vitenzi vyenye nafsi na njeo, kwa idadi, miaka na mahali, na akataja watu wanaoweza kuthibitisha, hajavunja adabu ya kwao. Amefanya kwa maandishi kile ambacho zamani nahodha na majirani walimfanyia kwa mdomo.

Inapendekezwa kwamba somo la matini za kazi, yaani barua ya maombi, wasifu na taarifa fupi, lipewe nafasi ya kutosha katika ufundishaji wa Kiswahili sekondari na vyuoni, na lifundishwe kwa matangazo halisi na kazi halisi za mahali ambapo wanafunzi wanaishi. Mwanafunzi wa Bagamoyo ajifunze kuandika juu ya mashua, jukwaa, shamba la chumvi na duka la mjomba wake. Huko ndiko miaka ya wengi wao ilikopita, na katika wasifu wao ndiko palipoachwa wazi.